Kila Kipimo Kina Maji Yake

MUULIZE MWALIMU

Wasomaji wangu, mwezi huu mmeniandikia kama mliopatana. Nilikuwa nimejiandaa kujibu swali la radi na mapaa ya mabati, lakini kila bahasha ninayofungua ina paundi, galoni au busheli. Basi radi ingoje masika. Nimetoa debe, karai na mizani yangu ya ndoano, nimeketi barazani hapa Kihesa, Iringa, na baridi hii ya Juni, na jirani ananitazama kama mgonjwa: mwalimu mstaafu, bibi wa wajukuu sita, anaelesha vipande vya mbao kwenye karai la kufulia. Nianze na barua iliyonifanya nitoe hilo karai.

*Kamwene Mwalimu, na shikamoo. Mimi nauza mbao Mafinga. Nimerithi kitabu cha marehemu babu, aliyekuwa msimamizi wa msitu enzi za Mwingereza. Kimeandika kwamba paini ina paundi 30 kwa futi moja ya ujazo. Mteja wangu wa Dar es Salaam anataka densiti kwa kilo na mita za ujazo, na dereva wa fuso anataka kujua apakie mbao ngapi za mbili kwa sita, futi 12, asivuke tani 10. Nikiingiza 30 kwenye simu, inanirudishia 480.55. Paundi si ni ndogo kuliko kilo? Nilitegemea namba ishuke, mbona imepaa? — Muuza mbao, Mafinga*

Kamwene, mwanangu, na marahaba. Simu yako iko sawa, na mshangao wako nao una haki yake. Densiti ni swali moja tu: kwenye sanduku hili kumeingia mzigo kiasi gani? Wewe umebadilisha mzigo na sanduku kwa mpigo mmoja. Paundi 30 ni kilo 13.6, hapo namba imeshuka kama ulivyotegemea. Lakini umetoka kwenye sanduku la futi moja kila upande, ambalo mtu analijitwisha kichwani, ukaingia kwenye sanduku la mita moja kila upande, ambalo mtoto wa darasa la nne anasimama ndani na kukuchungulia. Hilo kubwa linameza madogo 35.3. Kilo 13.6 mara 35.3, ndiyo 480 yako.

Kosa nililolisahihisha kwa wino mwekundu miaka yote ya kufundisha ni la mwanafunzi anayejua kwamba mita ina futi 3.28, akazidisha kwa 3.28 basi, akaweka kalamu chini. Sanduku lina urefu, upana na kimo. Hiyo 3.28 lazima iingie kwa kila upande, 3.28 mara 3.28 mara 3.28, ndipo ifike 35.3.

Namba zenyewe hazina ubishi. Tangu makubaliano ya 1959 kati ya Uingereza, Marekani na nchi nyingine zilizotumia vipimo hivyo, paundi ni kilo 0.45359237 kamili na futi ni mita 0.3048 kamili. Ukizitembeza unapata kwamba paundi moja kwa futi ya ujazo ni kilo 16.02 kwa mita ya ujazo. Mimi sizibebi kichwani hizo. Ninachobeba ni maji.

Kila kipimo kina maji yake. Kwa kilo na mita za ujazo, maji ni 1000. Kwa kilo na lita, maji ni 1. Kwa paundi na futi za ujazo, maji ni 62.4. Ukikutana na densiti ya kitu chochote, iulize kwanza: wewe ni sehemu gani ya maji ya kwenu? Paini ya babu yako ni 30, maji ya kwao ni 62.4. Gawanya, unapata 0.48. Basi paini ile ni asilimia 48 ya maji, iwe London au Mafinga, na kwenye kilo na mita za ujazo ni 480. Hapo hukugusa simu.

Sasa karai. Chukua kipande cha mbao ya inchi mbili, kikavu, kilaze juu ya maji yaliyotulia, weka alama ya penseli maji yalipofika. Sehemu iliyozama ndiyo densiti yake ukilinganisha na maji. Kikizama karibu inchi moja kati ya mbili, uko kwenye 0.48 au 0.50. Changu cha asubuhi hii, kilichobaki mafundi walipomaliza dari yangu, kimezama inchi moja na uzi mmoja. Soma haraka tu, maana mbao hunywa.

Upakiaji wa fuso sasa. Una bahati na kipimo ulichochagua. Mbili kwa sita, futi 12: inchi 2 ni sehemu ya sita ya futi, inchi 6 ni nusu futi, zidisha kwa 12, unapata futi moja ya ujazo, kamili, bila desimali. Kwa hiyo kitabu cha babu kinakwambia kwamba kila mbao yako ni paundi 30, yaani kilo 13.6. Tani 10 ni kilo 10,000, gawanya kwa 13.6: mbao 735.

Usipakie 735.

Mimi niliwahi kuzipakia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri nafasi ya chuo, nikapata ukarani kwenye kiwanda kimoja cha mbao huko Mufindi. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu mbao na kuandika uzito wa kila gari. Nilikuwa hodari wa namba na nilijua hivyo, ndilo lililoniponza. Nilichukua namba ya kitabu, nikahesabu vizuri kabisa, nikatia sahihi. Gari likafika mizani, likaonekana limezidi kwa tani nyingi kuliko kosa la kawaida la watu. Usiku huo tandiboi na wenzake walishusha mbao kwa mikono kandokando ya barabara, kwenye baridi ambayo nyinyi wa huko mnaijua, na asubuhi bosi aliniita mbele ya watu. Hesabu yangu haikuwa na kosa hata moja. Mbao zilikuwa zimetoka kwenye msumeno siku iyohiyo, na namba ya kitabu ilikuwa ya mbao kavu.

Paini mbichi inaweza kubeba maji yenye uzito kuliko mti wenyewe. Ichukulie kuwa 0.85 ya maji, ambayo si ajabu kwa mbao iliyopasuliwa leo: futi moja ya ujazo ni lita 28.3, kwa hiyo mbao ni kilo 24, na tani 10 zinakwisha kwenye mbao 415. Kati ya 735 na 415 ndipo palipokuwa na aibu yangu. Na kama kuna siku utapakia milingoti, yaani mikaratusi, namba za paini ziache nyumbani. Mlingoti mbichi unaweza kukaribia uzito wa maji yenyewe.

Mawili madogo kabla sijakuachia. Mbili kwa sita ya sokoni si lazima iwe mbili kwa sita ya rula, hasa ikipasuliwa na mashine ya dingidongi ambayo fundi wake ana haraka. Pima tano au sita, toa wastani. Na ukiona kitabu cha babu kinasema futi za ujazo 75 kwa tani, tani hiyo ni ya Mwingereza, paundi 2,240, yaani kilo 1,016. Mmarekani naye ana yake ya paundi 2,000, kilo 907. Mteja wako wa Dar es Salaam mwandikie hivi: "paini kavu, takriban kilo 480 kwa mita ya ujazo". Neno "kavu" lisikosekane.

*Habari za kazi Mwalimu. Mimi fundi jenereta, Soweto, Mbeya. Mteja mwenye nyumba ya wageni alinunua jenereta ya mtumba. Kitabu chake kinasema inakula dizeli 14 lb kwa saa, na dizeli inahesabiwa 7.1 lb/gal. Nikachukua galoni ya lita 4.546, nikapata dizeli ni 0.708 kwa lita, nikampigia hesabu ya lita 9 kwa saa. Akawa ananunua mafuta kwa hesabu hiyo, nami ndiye najaza tenki. Sasa amegundua jenereta inatumia lita 7 na nusu, anauliza lita moja na nusu ya kila saa inaenda wapi. Mwalimu, sijaiba. Halafu, paundi inaanzia na p, hii lb ni ya nini? — Fundi aliyechafuliwa jina*

Pole, fundi. Nakuamini, na ushahidi uko ndani ya barua yako mwenyewe: 0.708. Hebu itazame namba hiyo kama fundi. Petroli tunayonunua huwa kati ya 0.72 na 0.775 ya maji. Dizeli ni nzito kuliko petroli, huwa karibu 0.82 hadi 0.86. Hesabu yako imekupa dizeli nyepesi kuliko petroli. Kitu kama hicho hakipo kituo chochote cha mafuta, si Mwanjelwa wala Uyole.

Ulichokosea ni maji. Galoni ziko mbili, na kila moja ina maji yake. Galoni ya Mwingereza ilitungwa na sheria ya 1824 kwa makusudi kabisa kuwa ujazo wa paundi 10 za maji, kwa hiyo maji yake ni 10. Galoni ya Mmarekani ni kongwe zaidi: ni ile galoni ya mvinyo ya Uingereza ya mwaka 1707, inchi za ujazo 231, ambayo Waingereza waliiacha na Wamarekani wakabaki nayo. Ni lita 3.785, na maji yake ni paundi 8.34. Sasa uliza 7.1 ni sehemu gani ya maji. Kwa Mwingereza ni 0.71. Kwa Mmarekani ni 0.85. Ya pili ndiyo dizeli. Kitabu ni cha Kimarekani hata kama jenereta imepitia nchi tatu kabla ya kufika Soweto.

Paundi 14 ni kilo 6.35. Gawanya kwa 0.85, unapata lita 7.47 kwa saa. Ndiyo hiyo saba na nusu ambayo mteja wako ameipima kwenye tenki. Mpelekee ukurasa huu. Mafuta yaliyozidi, kama hayakutumika, lazima yako kwenye pipa, na pipa halisemi uongo: lichovye kijiti mbele yake. Pipa la lita 200 likijaa dizeli hii ni kilo 170, bila uzito wa pipa lenyewe. Ukipima, pima asubuhi. Dizeli ya pipa zima ikipata joto la nyuzi 10 zaidi huvimba lita moja na nusu hivi, na pipa lililoachwa juani saa nane mchana linaweza kukugombanisha na mteja kwa mara ya pili.

Kuna jambo hukuuliza lakini nakuonya. Kitabu kile kinaongelea jenereta iliyo karibu na usawa wa bahari. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu, na hewa yenu ina densiti pungufu kwa takriban asilimia 15: huko pwani mita ya ujazo ya hewa ni kilo 1.2 na kidogo, kwenu ni kilo 1 na kidogo. Injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, inavuta hewa chache na itaishiwa nguvu kabla ya namba iliyopigwa kwenye kibati chake. Mwambie mteja mapema, asije akasema umeiba na nguvu.

Kuhusu lb: ni kifupi cha libra, neno la Kilatini lenye maana ya mizani, na pia jina la kipimo cha uzito cha Warumi. Wazee wetu hawakuita paundi, waliita ratili. Ratili ni neno la Kiarabu lililotoka kwenye neno la Kigiriki litra, na litra hiyohiyo ndiyo iliyowapa Wafaransa lita. Kwa hiyo ratili na lita ni watoto wa tumbo moja, mmoja akaishia kwenye uzito, mwingine kwenye ujazo. Nikiwafundisha densiti wanafunzi wangu niliwaambia tunawapatanisha ndugu.

*Mwalimu, mimi mchimbaji mdogo, Chunya. Mnunuzi anapima dhahabu yangu kwenye mizani, halafu anaifunga uzi anaichovya majini huku anaipima tena, anabonyeza kikokotoo, anasema karati 21. Ananipiga? Na vitabu viwili vya Kimarekani alivyoniachia mzungu mmoja, kimoja kinasema dhahabu ni aunsi 10.18 kwa inchi ya ujazo, kingine 11.17. Kipi cha kuamini? — Mwana Chunya*

Vyote viwili, mwanangu. Aunsi nazo ziko mbili. Ya madini ya thamani ni gramu 31.1, ya kupimia unga na nyama ni gramu 28.35. Zidisha 10.18 kwa 31.1, halafu zidisha 11.17 kwa 28.35, utaona zote zinakuja gramu 316 na ushee. Inchi ya ujazo ni sentimita za ujazo 16.39, na maji yake ni gramu hizohizo 16.4. Gawanya: dhahabu safi ni mara 19.3 ya maji. Hiyo 19.3 ndiyo uishike, aunsi waachie wenyewe.

Mnunuzi wako anafanya jambo halali, la tangu Archimedes, yule Mgiriki wa kale. Kitu kikizamishwa kinapungukiwa uzito sawa na maji kiliyoyasukuma. Kwenye gramu jambo hilo ni tamu kuliko kwenye aunsi, kwa sababu gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo: upungufu wenyewe ndio ujazo, hakuna cha kubadilisha. Tuseme kipande chako ni gramu 11.60 hewani na 10.95 majini. Kimepungua 0.65. Gawanya 11.60 kwa 0.65, unapata 17.85. Kama kilichochanganyika nayo ni fedha, ambayo ni 10.5, kipande hicho kina dhahabu ya asilimia 90, karibu na karati 21 na nusu (dhahabu safi ni karati 24).

Sasa nikuoneshe mahali pa kutazama. Kiputo cha hewa kikinata kwenye kipande, ujazo unaonekana mkubwa na densiti inashuka. Kiputo kinachosukuma gramu 0.02 tu za maji kinageuza 0.65 kuwa 0.67, densiti inakuwa 17.3, na umepoteza karati moja. Moja nzima, kwa kiputo kidogo tu! Kipande kisafishwe, kitikiswe majini kabla ya kusomwa, uzi uwe mwembamba, na kisiguse ukuta wala kitako cha glasi. Kikiegemea kitako, uzito unakwenda kwenye glasi na karati zinashuka vilevile. Kijiwe cha kwatzi kilichong'ang'ania ndani nacho kinashusha, na hapo mnunuzi hana kosa. Upande wa pili, ukinunua wewe, kumbuka tangisteni nayo ni 19.3. Maji hayawezi kuitofautisha na dhahabu.

*Mwalimu shikamoo. Mimi mkulima wa Makambako. Kijana wangu ananisomea bei za mahindi ya Marekani kwenye simu, wanauza kwa busheli. Busheli ni debe ngapi, na kwa nini wanasema busheli ya mahindi ni paundi 56 lakini ya ngano ni 60? — Baba Upendo*

Marahaba, Baba Upendo. Busheli kwa asili ni chombo, kama debe letu. Ya Marekani ni lita 35.24, karibu debe moja na robo tatu. Chombo kimoja, lakini ukikijaza ngano inakuwa nzito kuliko ukikijaza mahindi, kwa kuwa punje za ngano ni ndogo na zinakaa zimebanana. Wafanyabiashara wakachoka kubishana juu ya ujazo, wakakubaliana uzito wa kila nafaka: mahindi paundi 56, ngano na soya 60, oti, shayiri ile ya kulishia farasi, 32. Siku hizi hakuna anayebeba chombo. Mmarekani akisema busheli ya mahindi anasema kilo 25.4 tu, na tani moja ya mahindi ni busheli 39.37. Kijana achukue bei ya busheli, azidishe kwa 39.37, apate bei ya tani.

Lakini densiti imejificha mle. Maji ya busheli ni paundi 77.7. Gawanya 56 kwa 77.7: 0.72. Lita moja ya mahindi, pamoja na hewa iliyo kati ya punje, ni gramu 720. Na hapa, Baba Upendo, ndipo nilipoamka na kwenda kuchukua debe.

Tunaambiwa gunia la kilo 100 ni debe sita. Hata watoto wanalijua. Sita kwenye mia ni kilo 16.7 kwa debe. Ndoo yangu ya lita 20 niliijaza mahindi, nikaikata juu kwa rula, nikaitundika: ukiondoa ndoo, kilo 14 na nusu. Ndivyo 0.72 inavyosema pia, lita 20 mara 0.72 ni 14.4. Na debe lenyewe la bati, lile la mafuta ya taa la zamani, lilikuwa la galoni nne za Mwingereza, lita 18.2, ambalo likikatwa kwa rula ni kilo 13 tu. Kilo 16.7 zinataka lita 23! Lita tatu hazina chombo. Zinakaa juu ya debe, zimerundikwa mpaka zinamwagika pembeni, na anayerundika ni mkulima kwa sababu mnunuzi amesimama pale anasema "ongeza mama, bado".

Sisemi kila mahindi ni 0.72. Mbegu nzuri zenye punje ngumu, zikikauka sawasawa, zinaweza kupita hapo, mengine yakawa chini. Ninachosema ni kwamba debe si kilo. Lumbesa ya viazi mnaipigia kelele kwa sababu mnaiona ilivyovimba na kushonwa kofia. Hii ya debe haionekani kwa kuwa imekaa kwenye hesabu tuliyofundishwa tukiwa wadogo. Wakala wa Vipimo wanataka uzito, na uzito unapatikana kwa mizani iliyokaguliwa. Kama wanakijiji wenzako mnaweza kuchanga mkanunua moja ya pamoja, nunueni. Kwa debe sita za kukatwa kwa rula, wewe unatoa kilo 86 au 87. Kwa debe sita za "ongeza mama", mia imetimia au imepita, na hakuna anayejua.

(Mume wangu anapita nyuma yangu anasema hata mama yake alirundika. Najua alirundika. Nilikuwepo.)

*Mwalimu, kituo cha maziwa huku Rungwe wamekataa maziwa yangu, wanasema laktomita imesoma 26. Ni 26 ya nini, kilo au paundi? Mimi sijatia maji. — Mama mwenye ng'ombe wawili, Tukuyu*

Si kilo wala paundi, mama. Laktomita hupima densiti ya maziwa, na hiyo ni 1.026, wamekata ile moja na nukta kwa kifupi, kama fundi wa betri anavyosema "elfu moja mia mbili hamsini" akimaanisha 1.250. Ni mara ngapi ya maji, basi. Namba ya namna hiyo haina kipimo cha kubadilishwa. Maziwa mazuri ya 1.03 ni kilo 1.03 kwa lita na ni paundi 10.3 kwa galoni ya Mwingereza. Ni namba ileile tu, umehamisha nukta.

Maziwa mazima husoma 28 hadi 32, kwa hiyo 26 inatia shaka. Lakini maziwa ya moto ni mepesi, na laktomita imetengenezwa kusoma kwenye joto moja tu, nyuzi 20 za Selsiasi kwa nyingi, nyuzi 60 za Farenhaiti, yaani 15.5, kwa zile za vipimo vya Kiingereza. Kila nyuzi moja ya Selsiasi inayozidi inaongezwa 0.2. Kama yako yalipimwa yakiwa hayajapoa vizuri, nyuzi 30, na laktomita ni ya 20, basi 26 hiyo ni 28, na umekataliwa bure. Rudi uwaulize walipima kwenye joto gani, na uombe uone wewe mwenyewe namba ya nyuzi iliyoandikwa shingoni mwa laktomita yao.